Mtani Aliyeshtakiwa kwa Neno la Siri

Maneno ya mtani hayapelekwi kwa mwenyekiti wa mtaa. Kanuni hii haijaandikwa popote, lakini kila aliyekulia Nachingwea au Ruangwa anaijua, na waliohamia kutoka Newala au ng'ambo ya Ruvuma walikuja nayo. Mtani anaruhusiwa kukutukana hadharani, kucheka msibani kwako, hata kukamata kuku wako na kupita naye mbele yako. Wewe unaruhusiwa kumrudishia. Usichoruhusiwa ni kumkasirikia, na kibaya zaidi, kumshtaki. Swaumu binti Masoudi aliishika kanuni hii tangu utoto wake Narung'ombe. Aliivunja akiwa mtu mzima, mstaafu, mwenye heshima zake, kwa sababu ya waifai.

Swaumu alikuwa mkunga. Alianza kazi katika zahanati ya Kiegei, akamalizia hospitalini Nachingwea mjini, ambako kwa miaka mingi ndiye aliyeshika funguo za kabati la dawa. Wenzake wanasema hawakuwahi kumwona akizitafuta funguo hizo. Zilikaa mfuko wa kulia wa gauni, basi. Wagonjwa aliowazalisha aliwakumbuka kwa majina, na watoto wao pia. Sifa hizi ni njema na sina nia ya kuzipunguza. Lakini mtu anayesifiwa kumbukumbu kwa muda mrefu huanza kuamini kwamba anachokikumbuka ndicho kilichotokea, na hapo ndipo huacha kuuliza.

Baada ya mumewe kufariki alibaki peke yake katika nyumba yake. Binti yake, Hajra, ni mwalimu Mbekenyera, na huja siku za Jumamosi. Mwanawe wa kiume, Mustafa, anaishi Dar es Salaam. Huyu ndiye aliyemwekea mama yake intaneti nyumbani, ili jioni aonane na wajukuu bila kuhangaika na bando. Fundi alikuja, akaweka kisanduku chenye taa juu ya kabati la vyombo, akaondoka.

Jirani yake alikuwa Kipriani, fundi seremala, Mmakonde wa Newala. Swaumu ni Mmwera. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao mtaa mzima uliuzoea kiasi kwamba siku usiposikika watu waliuliza nani anaumwa. Kipriani hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "we Mmwera", na akitaka kumchokoza zaidi alimwita "mke wangu" mbele ya wageni. Swaumu alimwita mla panya. Siku ya mazishi ya mume wa Swaumu, Kipriani alishuka kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa kuwa marehemu alimdhulumu mke. Watu walicheka huku wanalia. Swaumu mwenyewe, akiwa ndani na wanawake, aliposimuliwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Mtu asiyejua mambo haya ataona ni utovu wa adabu. Sisi tunajua kwamba siku ile Kipriani alimfanyia mjane yule kazi ambayo ndugu wa damu hawezi kuifanya.

Kila jioni, baada ya kufunga karakana, Kipriani alikuja kukaa barazani kwa Swaumu, akatazama habari za mpira kwenye simu yake kwa intaneti ya nyumba ile. Neno la siri hakulijua. Hakuna aliyelijua ila Swaumu, kwa kuwa alikuwa na utaratibu wake: mgeni akiomba kuunganishwa, Swaumu huchukua simu yake, hugeuka, huandika mwenyewe, humrudishia. Halitamki wala haliandiki mahali popote. Kipriani aliona jambo hili la kuchekesha sana.

"We Mmwera," alimwambia jioni moja, "unaificha pasiwedi kama umeficha uchawi. Iko siku nitaingia humo ndani niibadilishe, niweke ya Kimakonde. Utakuja kwangu kwa magoti."

"Utaweka nini, jina la panya?"

"Panya ana jina zuri kuliko lako."

Wakacheka, wakaagana.

Siku mbili baadaye simu ya Swaumu ilianguka kwenye sakafu ya jikoni, kioo kikafa. Mustafa alituma nyingine kwa basi. Swaumu alipoiwasha akachagua jina la mtandao wa nyumbani kwake, akaandika neno la siri alilolijua, likakataliwa. Akaandika tena polepole. Likakataliwa. Akavaa miwani, akaandika mara nyingine, na simu ikamjibu vilevile kwamba si lenyewe.

Angeweza kumpigia Hajra. Simu mpya ilikuwa mkononi na ilipiga vizuri. Angeweza pia kuinua macho, akaona kwamba runinga yake sebuleni, ambayo nayo hutumia intaneti ileile, ilikuwa inaonyesha mawaidha bila kukatika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliyakumbuka maneno ya Kipriani, na kwa kuwa hakuwa na shaka na kumbukumbu yake, mashaka yote aliyahamishia kwa jirani.

Alikwenda uani, akamwita juu ya ua wa mianzi. Kipriani alikuwa anapiga randa mbao za mlango. Swaumu akamuuliza kama yeye ndiye aliyebadilisha pasiwedi.

"Nimebadilisha," Kipriani alijibu bila kuinua kichwa. "Lete jogoo, ndipo nikutajie. Na awe mnene."

Mtani akiulizwa swali kama lile hujibu hivyo. Angejibu nini kingine? Kipriani alidhani utani wa juzi unaendelea. Hakuiona sura ya Swaumu, kwa kuwa ua uliifunika mpaka machoni. Swaumu kwa upande wake alijua kabisa jinsi watani wanavyojibizana, kwani yeye mwenyewe alikuwa hodari wa majibu ya namna hiyo. Lakini siku ile alichagua kuyasikia maneno yale kama yanavyosikika kwa mgeni wa nchi. Alivaa mtandio akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti, Mzee Huzaifa, alimsikiliza mpaka mwisho. Inasemekana alimuuliza mara mbili kama ana hakika anataka shauri hilo lisikilizwe, na mara zote mbili Swaumu alisema mtu ameingia katika mali yake na amekiri kwa kinywa chake. Mwenyekiti hakupenda, lakini mlalamikaji hafukuzwi. Akasema kesho yake, Jumamosi, atakwenda nyumbani kwa Swaumu, mahali chombo kilipo, na Kipriani ataitwa.

Kipriani alipoitwa alikuja akitabasamu, na vumbi la mbao kwenye nywele zake zote. Alipomwona mwenyekiti ameketi sebuleni na daftari la mtaa mapajani, tabasamu likaondoka. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango. Hajra alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Mbekenyera, na ndiyo kwanza anasikia habari hizi. Alimtazama mama yake, akamtazama Kipriani, akasema kwamba kabla ya watu kuulizana maneno ni heri vyombo vyenyewe viulizwe, maana simu na kompyuta hutunza neno la siri hata kama mtu amelisahau.

"Sijasahau," Swaumu akasema.

Hajra alichukua laptopu ya marehemu baba yake kutoka kabatini, akaichomeka umeme. Ilipowaka alifungua mipangilio ya mitandao, akatafuta ule wa nyumbani, akabonyeza sehemu ya kuonyesha herufi. Vile vidoti vyeusi vikageuka kuwa neno. Lilikuwa neno lilelile alilolikumbuka Swaumu, herufi kwa herufi.

"Mmeona wenyewe," Swaumu akasema. "Hilo ndilo langu. Sasa halifanyi kazi. Nani kalibadilisha?"

Mwenyekiti alimgeukia Kipriani. Kipriani akafungua mikono yake akaifunga tena. Kwa dakika ile mambo yalionekana mabaya kwake, nami nadhani ndiyo dakika aliyoelewa kwamba jirani yake hakuwa anatania.

Lakini Hajra alikuwa bado anaitazama laptopu. Alimwonyesha mwenyekiti alama ya mtandao pembeni ya kioo. Laptopu haikuwa imeunganishwa. Nayo ilikuwa imekataliwa, kama simu mpya. Akamuuliza mama yake laptopu hii iliwashwa lini mara ya mwisho. Swaumu akasema hakumbuki vizuri, pengine kabla ya Ramadhani.

"Na TV hii inaonyesha kwa intaneti gani, mama?"

Runinga ilikuwa inaonyesha, sauti imepunguzwa kwa heshima ya mwenyekiti. Hajra akaeleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Mtu akibadilisha neno la siri, vyombo vyote hutolewa nje kwa pamoja, na hakirudi hata kimoja mpaka kiandikiwe neno jipya. Kama Kipriani angebadilisha juzi, runinga ingezima juzi. Kwa hiyo neno linalotumika sasa ndilo lililokuwa likitumika wiki iliyopita na mwezi uliopita. Lililomo kwenye laptopu ndilo la zamani.

Kisha akamkumbusha jambo. Ramadhani iliyopita vijana walikuwa wanakaa nje ya ua usiku, wanatumia intaneti yao, na Swaumu akamwagiza Hajra abadilishe neno la siri. Hajra alifungua ukurasa unaohusika. Neno jipya Swaumu aliliandika kwa mkono wake, baada ya kumwambia binti yake ageukie ukutani. Siku zilizofuata aliviunganisha vyombo kimoja kimoja, isipokuwa laptopu ambayo hakuna aliyeitumia. Tangu hapo hakuhitaji kuliandika tena, simu ilikuwa inamkumbukia. Lililobaki kichwani mwake ni lile alilolizoea zaidi.

"Basi tulitafute hilo jipya," mwenyekiti akasema.

Runinga haikusaidia. Ilionyesha jina la mtandao, lakini neno lenyewe ilikataa kulitoa. Simu ya Hajra alikuwa ameirudisha upya mwezi uliopita baada ya kujaa, ikasahau kila kitu, na tangu hapo alitumia bando lake. Simu ya zamani ya Swaumu kioo chake kilikuwa cheusi. Ikabaki simu moja tu katika chumba kile iliyokuwa imeunganishwa, nayo ilikuwa ya mshtakiwa.

Kipriani aliitoa mfukoni bila kuambiwa. Hajra akamwelekeza: fungua mipangilio, gusa jina la mtandao, gusa sehemu ya kushiriki, weka kidole. Ikatokea picha ya mraba yenye vidoadoa, na chini yake neno limeandikwa kwa herufi ndogo. Kipriani hakulisoma. Alimpa Hajra simu, na Hajra akasoma kwa sauti: Somoe, na mwaka baada yake.

Somoe ni jina la bibi aliyemlea Swaumu Narung'ombe. Mwaka ni ule alioanza kazi Kiegei. Sikukuu ya Idi, Kipriani alipokuja kula pilau, Swaumu alichukua simu yake, akageuka, akaliandika jina hilo humo.

"Kipriani," mwenyekiti aliuliza, kwa kuwa ilimpasa kuuliza, "unamjua Somoe?"

"Simjui."

Swaumu aliliandika neno lile kwenye simu mpya, likakubali. Mwenyekiti alifunga daftari lake bila kuandika kitu. Alisema shauri limekwisha, na kwamba ana jambo moja tu kwa mlalamikaji. "Mimi naamua mipaka ya viwanja na mbuzi walioingia shambani. Mtani haletwi kwangu."

Wote walimtazama Kipriani, wakimngoja. Ilikuwa nafasi yake. Kwa kosa lile angeweza kudai mbuzi mzima, akamwita Swaumu kila jina, akalala pale sebuleni mpaka apikiwe, na jambo lote lingeishia katika kicheko. Swaumu mwenyewe alikuwa amejiandaa kutukanwa, na nina hakika alikuwa anakutamani kutukanwa huko.

Kipriani alisimama, akairudisha simu mfukoni.

"Mama Hajra," alisema, "nimeacha kazi ya watu. Naomba ruhusa niende."

Hakuwahi kumwita hivyo kabla.

Siku iliyofuata Swaumu alimpelekea jogoo, akamwomba msamaha mbele ya mkewe. Nampa haki yake: alikwenda mapema, alikwenda mwenyewe, wala hakujitetea. Kipriani alimpokea kwa mikono miwili, akasema amemsamehe, na alisema kweli, kwa kuwa hana kinyongo. Hakumwambia kwamba jogoo amekonda. Hakuuliza kama ni wa wizi. Alisema, "Asante sana, Mama Hajra."

Mpaka leo ni majirani wema. Mlango wa uani ulipolegea Kipriani aliutengeneza. Asubuhi humsalimu Swaumu juu ya ua, humuuliza habari za wajukuu, husubiri ajibiwe, kisha hurudi kwenye randa yake. Jioni haji barazani. Swaumu amejaribu mara kadhaa kumwita mla panya, naye hutabasamu kwa adabu, kama mtu anavyotabasamu akikosewa na mkubwa wake.

Intaneti inafanya kazi, na neno la siri sasa Hajra analijua. Kosa lile lilimgharimu Swaumu mtu pekee mtaani aliyekuwa na haki ya kumtukana.