Nyumba Nilizozijibia

Mwanangu, kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani hadi leo: asubuhi niliyoingia Lilongwe na daftari kwapani, nikijiona msomi mkubwa.

Nilikuwa kijana tu, mzaliwa wa Fizi, Kongo, niliyelelewa hapa Malawi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mwalimu wa historia wa chuo kimoja cha Lilongwe, Madamu Thoko, alikuwa akichunguza ugomvi wa pampu ya maji uliowatenganisha Wakongomani na Warundi wa mtaa wetu. Alinituma niulize kila nyumba swali moja: ukigombana na mtu, unakwenda kwa nani akupatanishe? Kwenye kompyuta kila mtu angekuwa nukta yenye namba, na kila jibu mstari wa kuunganisha nukta mbili. Lo, nilivyoipenda kazi ile! Nilihisi nimepewa macho mapya.

Kwa Wakongomani niliuliza wote. Kwa Warundi sikubisha hodi hata mlango mmoja. Niliogopa, halafu nikajiambia kwamba nawajua. Nikakaa chini nikawajazia majibu: huyu huenda kwa mchungaji wao, yule kwa Mzee Bukuru. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikadhani inatosha.

Asubuhi ile nikampelekea Madamu daftari Lilongwe, akayaingiza majibu kwenye kompyuta, na mchoro ukatokea. Mafungu mawili ya nukta, na katikati hakuna hata mstari mmoja.

"Basi nitaushauri uongozi wa kambi uwagawie siku za maji," alisema kwa huzuni. "Hawa siku zao, na hawa zao."

Akanipa nakala, nami nikarudi nayo kambini nikiringa. Mzee Bukuru, Mrundi aliyeshona viatu kando ya barabara, akaomba kuiona.

"Mi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba majirani zake wengi humwendea yeye.

"Nani alikwambia? Mi mwenyewe nikigombana na mtu, naendaka kwa Mama Faida. Uliniuliza lini?"

Mama Faida! Fundi cherehani, Mkongomani wa Uvira! Sikuwa na pa kuficha uso. Mzee hakupaza sauti. "Batatutenga kwa maji sababu ya karatasi yako. Rudi, uulize bantu benyewe."

Nilirudi, safari hii kwa Warundi. Mlango wa kwanza, mama mmoja alinitazama kuanzia miguuni. "Ah, leo njo unatukumbuka?" Nikaomba radhi, akanipa kigoda, akanijibu: Mama Faida. Nyumba ya tatu, Mama Faida. Ya sita, yeye tena! Kumbe ndiye aliyekuwa akishona sare za kwaya za pande zote mbili, na wanawake wakija kupimwa walimweleza ya moyoni. Nikawa nakimbia kutoka ua hadi ua.

Nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi barabara kuu, nikakamata minibasi ya Lilongwe, nikakiri kila kitu. Madamu alivua miwani.

"Ningewatenga watu kwa majibu uliyoyatunga wewe," alisema. Maneno hayo yaliniuma. Lakini alivuta kiti, tukaanza upya, jibu kwa jibu. Na mistari ikaanza kuvuka! Mmoja, mitano, kisha mingi hata tusiweze kuifuata kwa macho. Tulipiga kelele hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Ushauri ule ukafutwa. Kabla ya ushauri mpya kuandikwa, nilitumwa kumwomba Mama Faida ruhusa ya kumtaja. Alipokubali, akaketi na Mzee Bukuru katika kamati mpya ya maji. Hadi leo pampu ile ina foleni moja.

Sasa wewe unasoma, na mashine zenu zina nguvu kuliko ile. Nakusihi, usimjibie mtu aliye hai na ambaye ungeweza kumuuliza. Mimi woga wangu niliuita ujuzi, na nusura watu wakose maji kwa ajili yake. Ukikosea, rudi upesi, uone aibu usione, maana mchoro wako kesho utakuwa amri juu ya mtu.

Mungu akupe kazi ya kukurusharusha kwa furaha kama ile yangu, na watu utakaowaandika wafurahi kukuona ukirudi kwao.