Vita Vilivyoingia kwa Fundi wa Kanzu

Badawi alitoka Lamu akiwa kijana, na tangu afike Dubai hajashona kitu kingine ila kanzu. Wenzake walibadili kazi, huyu akawa dereva, yule akawa mlinzi wa duka. Yeye yupo palepale ghorofani mtaa wa Naif, mgongo umepinda, sindano mdomoni, akitia kaba na kudarizi shingo. Ukimtajia suruali anakunja uso kana kwamba umemtukania mama yake. Sasa mtu kama huyu ndiye ambaye vita vilimchagua kumchezea shere.

Vita vyenyewe viko mbali, katika nchi ambayo Badawi hajapata kuikanyaga. Lakini nchi ikishaamua kupigana kwa kila ilicho nacho, fujo yake haikai nyumbani. Kule viwanda vya nguo viliamriwa vishone magwanda tu, vya masufuria vikageuzwa vya makombora, na mikate ikaokwa kwa ajili ya jeshi huku raia wakipanga foleni. Halafu viwanda vikapigwa mabomu, mahitaji yakabaki palepale. Ndipo wanunuzi wao waliposhuka Deira, kwenye masoko ya Dubai, na kuanza kufagia maduka. Wakamaliza buti, wakamaliza betri na mahema. Asubuhi moja Badawi akaenda kununua uzi akaambiwa hakuna. Uzi! Naif nzima!

Arbab wake, yaani bosi mwenye karakana, Yaqoub, mzaliwa wa hapahapa mwenye asili ya Unguja, alinusa faida mapema.

"Fundi, tunageuza kazi," alisema. "Magwanda mpaka vita viishe; uzi wanaleta wanunuzi wenyewe."

"Na kanzu za Idi je, arbab? Nishamwahidi Asila."

"Asila atasubiri. Hawa hawasubiri."

Asila ni mfanyabiashara wa Mombasa. Kila mwaka hununua kwa Badawi kanzu za watoto za Idi, na Badawi hajamwangusha hata mara moja. Ahadi hiyo ndiyo fahari yake, pengine ndiyo fahari pekee aliyobaki nayo katika mji ule. Sasa kila siku simu inaleta sauti ya Asila: "Kakangu Badawi, mwaka huu wataka kunitia aibu? Watu washaniagiza nguo za watoto wao!" Badawi anasikiliza, anasonya, kisha anajibu inshallah, neno ambalo yeye mwenyewe ameshachoka kulisikia likitoka kinywani mwake.

Hayo magwanda nayo yalikuwa balaa. Mkono wa fundi wa kanzu haujui kubana. Badawi alikata suruali pana zenye kupitisha upepo, za mtu anayetaka kukunja miguu mkekani anywe kahawa yake kwa raha. Zikarudishwa zote. Severina, Mtanzania wa Moshi aliyekaa cherehani ya jirani, alicheka mpaka machozi.

"Fundi, huyu askari atakimbia au atapepea?"

"Akitaka kukimbia, alikwenda kupigana kwa nini?" Badawi alifoka, akaanza kufumua.

Ikawa hivyo mpaka ilipokaribia Idi. Siku hiyo Yaqoub alikuwa njiani kwenda shambani kwake Hatta, akapiga simu kwa haraka zake za kawaida. "Kuna kitambaa cheupe kinaletwa. Kata vipande vifupi, vipimo nimekutumia. Yalla!" Akakata simu.

Cheupe! Kifupi! Na Idi iko mlangoni! Badawi alifurahi mpaka akamkumbatia mleta mzigo. Arbab amemwogopa Mungu, alisema, arbab amerudi kwenye kanzu. Angepaswa kuuliza, ni kweli, lakini mtu aliyelilia kitu muda mrefu hivyo akikipata haulizi maswali. Akakata, Severina na wenzake wakashona mbavu, yeye akatia kaba na kudarizi shingo kwa mkono, zile shingo ndogo zinazochosha macho. Akamtumia Asila ujumbe kwamba zinakuja.

Yaqoub alirudi na mama mmoja aitwaye Ghaliya, mnunuzi kutoka nchi ile yenye vita. Ghaliya aliinua kanzu moja, akapitisha kidole shingoni.

"Nani amekuambia ushone?" Yaqoub alibwata. "Nimesema ukate!"

"Kanzu isiyoshonwa ni kanzu gani, arbab?"

Ghaliya ndiye aliyejibu, kwa Kiarabu cha taratibu. "Si kanzu. Tuliagiza sanda. Za watoto."

Badawi aliwahi kumvika sanda baba yake, kwa mikono yake mwenyewe. Vipi macho yake yameona Idi tu? Alijikasirikia, akamkasirikia arbab, na mwisho akamkasirikia huyu mama kwa sababu ndiye aliyesimama mbele yake.

"Watoto wote hawa wamekufa lini?"

"Bado," alisema Ghaliya. "Tunaagiza mapema. Siku yenyewe ikifika kitambaa huwa hakipatikani. Mwaka jana tulitumia mapazia."

"Khalas, yamekwisha," Yaqoub aliingilia. "Fundi, kata nyingine. Hizi mpelekee Asila wako, si ndizo ulizokuwa ukizililia?"

Ni kweli, ndizo. Zilikuwa mezani, zimekunjwa vizuri, zinamtosha Asila na kubaki. Badawi akamgeukia Ghaliya.

"Hao watoto, wako hai?" aliuliza, sauti imepanda.

"Wako hai."

"Basi nani anaanza na sanda? Wana Idi mbele yao hawa! Severina, zifunge kanzu zote, ziende naye. Na wewe madam uwavike, unanisikia? Usiziweke stoo!"

Badawi akavuta jora jeupe, akaanza kukata vile vipande vifupi huku akilaani kila mtu aliyemkumbuka, wakubwa na wadogo. Simu ililia, akaibana kwa bega pasipo kuacha mkasi.

"Asila, dadangu," alisema, "mwaka huu nitukane tu."