Tulivyomchangia Mgombea wa Marekani

Mimi nimezaliwa na mdomo. Mama yangu, kule Tanga, alikuwa akisema kwamba siku malaika wa mauti atakaponijia nitaanza kwa kumwelekeza njia ya mkato. Basi asishangae mtu akisikia kwamba mimi, ambaye sijawahi kukanyaga Marekani, ndiye niliyekuwa mwalimu wa uchaguzi wa Marekani katika chumba cha kushonea nguo huku Turffontein, Johannesburg.

Chumba hicho tunakodi wawili, juu ya duka la vipuri vya magari, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Mimi nanunua vitenge kwa jumla Fordsburg, nakata na kuuza. Anayeshona ni mama mmoja wa Bukavu, Kongo, amenizidi miaka kumi na zaidi. Namwita mama, naye huniita dada kwa heshima ya watu wa kwao. Ni mtu wa maneno machache. Ukimletea gauni lililoharibiwa na fundi mwingine atalitazama, atalifumua lote bila kumsema mwenzake, na kesho utalikuta limekuwa gauni.

Ana mtoto mmoja tu, wa kiume. Walipotezana vitani mtoto akiwa na miaka tisa. Shangazi yake akamchukua hadi kambini, na kutoka kambini mpango wa wakimbizi ukawapeleka Marekani. Mama alipokuja kupata namba yao ya simu, wao wakiwa bado kambini, yeye alikuwa ameshafika Johannesburg, na mtoto alikuwa ameanza kusahau jina la mtaa wao. Leo ni kijana wa miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye ghala. Mama naye alifungua faili la kwenda huko, likachukua miaka. Alihojiwa, akahojiwa tena, akapimwa damu na mapafu. Mwaka ule wa uchaguzi wao, faili lake lilikuwa limebakiza tarehe ya ndege tu.

Ndiyo maana uchaguzi ule ulikuwa wetu. Mgombea mmoja alisema hadharani kwamba wakimbizi basi. Mwingine hakusema sana, na kwa watu wa faili, kutosema sana ni neema.

Nilimfundisha mama huku nakata nguo. Nilimwambia kule vyama ni vingi kwenye karatasi, lakini vinavyokula ni viwili, cha punda na cha tembo. Hakuna kadi ya chama ya kulipia kama kwetu. Mtu anajiandikisha tu kwamba yeye ni wa upande fulani, au hata hajiandikishi. Wagombea wenyewe huchujwa kwanza ndani ya vyama vyao, jimbo kwa jimbo, miezi na miezi, na mchujo huo unakula pesa kabla hata ya uchaguzi wenyewe. Tena rais hapatikani kwa kumwaga kura zote kwenye kapu moja na kuzihesabu. Kila jimbo lina uzito wake, na karibu kila jimbo humpa mshindi wake uzito wote. Majimbo mengi yanajulikana tangu zamani yatalalia wapi. Vita viko kwenye machache yanayoyumba.

"Na jimbo ya mutoto yangu, ile inayumbaka?" aliniuliza.

"Haliyumbi, mama. Kwake mambo yamekwisha amuliwa zamani."

"Kumbe kura ya kule haina kazi."

Nilimjibu kwa ukali kwamba ina kazi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa ameelewa haraka kuliko nilivyotaka.

Kijana mwenyewe hakuwa na kura, maana hakuwa raia bado. Alikuwa na kadi ya ukaazi na alikuwa akisubiri muda utimie aombe uraia. Lakini namba yake ya simu ilikuwa imeangukia kwenye mikono ya wanasiasa, na kila siku walimwandikia. Siku moja alimtumia mama yake ujumbe mmojawapo, kwa kumchekesha tu. Mama akaniletea nimsomee. Ulikuwa umeandikwa kwa jina la mgombea wetu mwenyewe: rafiki yangu, leo ndiyo siku ya mwisho, tumezidiwa, nakuomba uchangie hata dola tano.

Kijana alicheka kwa sababu anakaa Marekani. Mimi sikucheka. Kwetu, mtu akikuletea kadi ya mchango wa harusi, kukaa kimya ni tusi. Unatoa, au unaandika ahadi, na kamati inasoma majina ili kila mtu ajue nani alisimama na nani. Asiyechanga haulizwi neno siku ya sherehe, na yeye mwenyewe anajua asiulize. Nikamwambia mama, mtu ambaye maisha yako yako mkononi mwake amekuomba dola tano, nawe unakaa kimya? Mkono mtupu haulambwi.

Nikaunda kamati. Mwenyekiti mimi, katibu mimi. Tulichanga watu kumi na wanne: Watanzania wa Fordsburg, wasusi wa Kikongo wa mtaani kwetu, na mlinzi mmoja Mrundi ambaye naye alikuwa na faili. Alipotoa chake alisema, "Sharp, sawa dada, andika jina langu vizuri, lisikosewe." Nililiandika vizuri. Niliyaandika yote, nikaipiga picha ile orodha na kuiweka kwenye kundi letu la simu, kila mmoja aone jina lake. Pesa yenyewe isingenunua hata cherehani kuukuu.

Tulimtumia kijana aipeleke. Alisita. Alimpigia mama yake, na mama akanipa simu, kwa kuwa mwenye kamati ni mimi.

"Auntie, sijui kama wanaruhusu. Huku si kama huko."

"Mchango ni mchango, mwanangu. Nyinyi mkishafika huko mnasahau adabu."

Neno hilo lilimchoma, nami nilikusudia limchome. Kijana aliyelelewa mbali na mama yake ukimwambia hana adabu, atafanya lolote. Akajaza fomu kwenye mtandao. Fomu ilimtaka athibitishe kwamba pesa ni yake mwenyewe, akathibitisha. Halafu kwa kuwa nilimsisitizia kwamba majina lazima yafike, akawaandikia barua pepe, akawaambatishia orodha yangu: huu ni mchango wa rafiki za mama yangu walioko Johannesburg.

Wiki haikuisha wakaurudisha. Barua yao ilikuwa ya upole. Walishukuru sana, wakasema sheria hairuhusu mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu kuchangia uchaguzi wao, wala mtu kutoa pesa ya mwingine kwa jina lake. Niliona aibu, nikaigeuza hasira. Nilisema kwenye kundi kwamba Wamarekani wana kiburi. Tukarudishiana vyetu, yakaisha. Sisi tulidhani yameisha.

Matokeo yalitufikia asubuhi, maana kwao ni usiku kwetu kumekucha. Jimbo la kijana lilitoa uzito wake wote upande wetu, kama lilivyotabiriwa, na halikusaidia kitu. Majimbo yanayoyumba yaliyumba kwenda kule kwingine, moja baada ya jingine. Mama alikuwa anashona sare za kwaya. Hakusimamisha cherehani.

Serikali mpya ilipoingia, mpango wa wakimbizi ulisimamishwa kwa saini siku ile ile ya kwanza. Faili la mama likaandikiwa ujumbe wa mistari mitatu. Vipimo vyake vya mapafu vikapitwa na wakati vikiwa bado kwenye bahasha. Baadaye ndege ya wakimbizi iliruka kweli kwenda Marekani, tena kutoka uwanja wetu huu huu wa Johannesburg, lakini waliopanda ni wazungu wa hapa. Mrundi wetu aliona picha zao kwenye simu, akasema eish, kama wanavyoguna watu wa huku, akarudi getini kwake.

Ikabaki njia moja. Kijana akipata uraia, anaweza kumwombea mama yake, na mama wa raia hapangi foleni ndefu. Muda wake wa kuomba ulikuwa umetimia. Tulihesabu pamoja, mimi na mama, mwaka mmoja, labda na nusu. Nilimwona akitabasamu akiwa na pini mdomoni.

Kijana aliijaza fomu yote mpaka akafika mahali panapouliza kama umewahi kutenda kosa lolote la sheria, hata kama hukukamatwa. Akakumbuka ile barua ya upole. Akaenda kwa mwanasheria anayesaidia wahamiaji bure kanisani kwao. Mwanasheria alimwambia huenda si kitu kabisa. Pesa ilikuwa kidogo, ilirudishwa, hakukuwa na nia mbaya. Zamani angemwambia apeleke fomu bila wasiwasi. Lakini siku hizi, alisema, watu wanatafutiwa sababu, na wewe umeweka sababu kwa maandishi, pamoja na majina kumi na manne ya wageni. Usipeleke sasa. Subiri.

Nilimuuliza kijana kwenye simu, asubiri mpaka lini? Akasema mpaka hawa watoke. Na wakija wengine kama hawa?

Aliniambia jambo jingine alilolisikia kwa yule mwanasheria. Kule sheria inambana mtu asimpe mgombea zaidi ya kiasi fulani. Lakini tajiri anaweza kutoa mamilioni kwa kamati isiyo ya mgombea mwenyewe, inayompigia debe kwa mlango wa pembeni, na hapo hakuna kikomo. Viko hata vyama vya hisani ambavyo havilazimiki kusema waliovipa pesa ni akina nani. Nimesimamia kamati ngapi za harusi maishani, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuhakikisha hakuna jina linaloachwa. Nilijichukia, na bado najichukia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nilichuma langu nikawalisha watu wa watu.

Wiki iliyopita kijana alimpigia mama yake tena. Alikuwa ameogopa kabisa. Alisikia kwamba mipakani na maofisini wanapekua simu, na wenye kadi za ukaazi nao wanaitwa kuhojiwa upya. Aliomba ile orodha ifutwe kwenye simu zetu zote. Kwenye kundi kila mmoja aliandika: nimefuta. Kisha akamwomba mama yake afute na mazungumzo yao yote, kila kitu, na wasipigiane kwa kipindi, mpaka yeye mwenyewe atakapomtafuta.

Mama hajui kufuta. Alinyanyuka kwenye cherehani, akanyoosha kitambaa mapajani, akanipa simu.

"Dada, fanya vile mutoto anasema."

Nikafungua. Mle hamkuwa na maandishi, maana mama hasomi vizuri. Ilikuwa sauti tupu, mamia ya jumbe za sauti, za miaka yote tangu walipopatana. Nilipogusa moja kwa bahati mbaya ilianza kusema, sauti bado ya kitoto, inaanza kuvunjika, inamuuliza mama yake wimbo fulani wa kulalia unaendeleaje, ameusahau katikati. Mama alisimama pale pale akisikiliza mpaka ikaisha.

"Mama, nikifuta hazirudi," nilimwambia. "Tungoje kidogo, nimuulize tena."

"Umuulize nini? Tulimuuliza mara ya kwanza, akakatala, tukamulazimisha."

Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Mama akaipokea, akaitazama ilivyo tupu, akaniambia aksanti, akarudi kushona.