Wifi Yangu Alifukuzwa kwa Kosa Langu

Nimekosa, na niliyemkosea bado anakula chakula ninachopika. Nawaambia nyie wasomaji kwanza kwa sababu yeye nimeshindwa kumwambia. Kila nikifungua mdomo naishia kumuuliza kama chumvi imetosha.

Mume wangu ni fundi wa viti vya henzirani hapa Mpanda. Fito alikuwa anazikata kwenye bonde moja upande wa Ugalla, ambako henzirani hupanda juu ya miti mikubwa kando ya kijito. Fundi hamwonyeshi mtu bonde lake. Hilo alilijua yeye na dada yake Leokadia, mjane aliyesuka naye na kusomesha wanawe kwa kazi hiyo. Mimi alinipeleka mara moja tu, tulipooana.

Walikata zilizokomaa, changa wakaziacha, na mti haukuguswa, maana henzirani bila mti wa kupandia inakufa. Wakirudi mwaka unaofuata, fito zimeota tena.

Mimi viti hivyo niliviona aibu. Binti yetu alipochumbiwa na kijana wa Kisukuma wa Magamba, nikajiambia watu wenye ng'ombe wengi vile hawawezi kukalishwa kwenye fito. Nilitaka makochi ya mbao, mazito, kama ya jirani.

Wapasua mbao wakaniambia, "Mama, tuonyeshe penye miti mikubwa, makochi utapata." Nikawaongoza hadi bondeni kwa miguu yangu mwenyewe. Mungu wangu! Nyumbani nikadanganya kwamba makochi katuletea kaka yangu.

Wageni walikaa sebuleni kidogo tu, joto likawashinda. Mama wa kijana akasema, "Tupeni vile viti vyepesi tukae uani, nimevipenda." Nilicheka nao, nikavitoa uani kimoja kimoja.

Mume wangu aliporudi bondeni alikuta visiki. Henzirani zilikuwa zimeanguka pamoja na miti na kukaukia juani. Kijito kilikuwa tope. Akamwita dada yake.

"Leokadia, bonde tulilijua wawili. Mimi sijamwonyesha mtu."

"Kaka, nakuapia kwa hawa watoto, sijui kitu."

"Usikanyage tena kwangu."

Mimi hakuniwazia kabisa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo mkononi. Wifi alinitazama akitegemea nimtetee, nami nikaendelea kupepeta.

Sasa hivi analima vibarua kwenye mpunga wa watu kule Mamba na wanawe wameacha shule. Mume wangu hana kazi. Anashinda kwenye makochi yale. Mimi silali. Nikimwambia ataniacha, nisipomwambia nitarukwa na akili.

Kinamama wenzangu, kama nyumbani mna kiti cha henzirani, msikidharau. Kile kiti kinaacha mti umesimama, kijito kina maji na mjane ana cha kuwapikia wanawe. Na ukishakosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajabeba mzigo wako. Mimi nilingoja, na kila siku niliyongoja iliongeza kosa.

Mume wangu hajui kusoma. Magazeti yakifika mimi ndiye ninayemsomea, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama ninyi wa gazeti mmeyachapa haya, basi mjue na haya nitamsomea.