Amplifaya ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinipa pesa zile kupitia mlangoni. Mkono wake ulitoka nje ya pazia na leso iliyofungwa fundo, na mimi nikaipokea nimeinama, macho kwenye makubadhi yangu. Ndivyo tulivyozoea kusemeshana miaka yote, yeye chumbani na mimi ukumbini.

"Za karafuu hizo," akasema. "Msikiti hauna sauti. Nunua hicho chombo, adhana ifike kwa watu."

Amplifaya ya msikiti wetu, hapa kisiwani Wingwi, ilikuwa imekufa tangu masika. Muadhini alikuwa akisimama kizingitini na kuadhini kwa koo lake, na koo la mtu mzima haliendi mbali. Mama mkwe miguu ilishamvimba, hatoki ndani, kwa hiyo alikuwa akiwauliza wajukuu: "Wameshaadhini?" Wajukuu wengine walimjibu ndiyo bila kusikiliza, ili warudi kucheza. Alikuja kugundua kwamba siku nyengine amesali kabla ya wakati, na jambo hilo lilimtia huzuni ambayo sikuwahi kuisikia katika sauti yake, hata alipofiwa.

Kwa nini alinipa mimi? Mimi mchuuzi wa samaki, nachukua pwani Tumbe na kuuza vijijini kwa baiskeli, na skuli niliishia kidato cha pili. Lakini n'na simu ya kuperuzi, na nilipata kuagiza redio mtandaoni ikafika nzima. Basi kijijini nikaonekana mjuzi. Sikuwa mjuzi, nilibahatika mara moja.

Pesa ya mtu ukiipoteza, unamlipa yakaisha. Pesa ya mkwe ukiipoteza, unamlipa na bado huwezi kupita mlangoni kwake. Na hii ilikuwa imetolewa kwa ajili ya Mungu. Nilirudi nyumbani leso iko kifuani, nikahisi kama nimebeba kaa la moto.

Mtandaoni nilikuta maduka mawili, yote ya Dar es Salaam, yanauza amplifaya ile ile na honi zake mbili za kutolea sauti. Duka la kwanza lilikuwa na punguzo kubwa, karibu theluthi ya bei. Waranti hakuna. Muuzaji aliandika, "Bosi, mzigo ni orijino, waranti ya nini?" Na chini yake, "Ofa inaisha leo." Kesho yake nikatazama tena, ofa ilikuwa inaisha leo. Duka la pili halikupunguza hata shilingi, lakini lilitoa waranti ya mwaka mzima: ikiharibika bila ya kosa lako wanatengeneza, au wanabadilisha, mradi stika ya muhuri isiguswe.

Mke wangu alikuwa upande wa punguzo, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi.

"Weye hebu fikiri," aliniambia huku anakuna nazi. "Waranti yenyewe iko Dar. Ikiharibika, nani ataipeleka? Ubebe likopo hilo boti mbili, uvuke bahari, kwenda na kurudi, na huu mwaka wa uchaguzi? Hiyo si waranti, hiyo safari. Chukua ya punguzo, kinachobaki tununue betri, umeme ukikatika watu wasikie."

"Na ikija mbovu?"

"Ikija mbovu tutasema Mungu hakupenda."

"Utamwambia weye mamako?"

Hapo akaendelea na nazi yake.

Nilikaa na lile jambo siku nyingi. Nikiwa njiani na samaki nilikuwa nikisema peke yangu, punguzo, waranti, punguzo, mpaka bibi mmoja wa Shumba, kijiji cha jirani, akaniuliza naadhibiwa na nani. Mwisho nilichagua waranti. Siwezi kusema nilichagua kwa akili. Niliogopa tu, na waranti ilifanana na kitu cha mtu muoga. Lile duka la punguzo huenda nao ni watu waaminifu. Sikununua kwao, kwa hiyo siwezi kuwasema.

Nilibonyeza namba ya siri, nikatuma zile pesa. Mzigo ulikaa njiani muda mrefu kuliko walivyoniahidi, na kila nilipopiga simu, muuzaji aliniita "mzee wangu" kwa upole ulionizidishia hofu. Hatimaye ukafika bandarini Wete. Askari aliyekuwa pale akaligonga boksi kwa kidole.

"Spika za mkutano wa nani hizi?"

"Za msikiti, afande."

"Msikiti wa chama gani?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikujua kama inafaa kucheka au haifai. Kampeni zilikuwa zinakaribia, na kwetu, tangu vyama vianze kugombana, mtu amejifunza kuchunga hata anavyocheka. Kusema haki, hakunifanya lolote. Alitazama risiti, akaniachia. Lakini jasho lililonitoka pale lililowesha kanzu mpaka kiunoni.

Nilipofika msikitini nikawasimulia, na hilo ndilo lililoleta yaliyofuata. Muadhini wetu alisikiliza kwa makini, akasema, "Basi isikae hivi hivi bila alama. Kesho atakuja mtu kuiazima kwa mkutano wa chama chake, ukimnyima wa huku umemtenga, ukimpa wa kule umetugawa sisi." Akaenda kuchukua kopo la rangi nyekundu.

Kwetu kila kitu cha msikiti huandikwa WAKFU. Birika, ndoo, ngazi, saa ya ukutani, hata jeneza. Ukishaandikwa hivyo watu wanajua ni cha Mungu, hakiuzwi, hakibadilishwi, hakiendi nyumbani kwa mtu. Muadhini ana mkono mzuri wa kuandika. Mbele ya amplifaya palijaa vitufe vya sauti, kwa hiyo akaigeuza, akatafuta mahali tambarare, akaandika. Sote tulikuwepo. Tuliona ni jambo jema, na mimi nikamshikia kopo.

Adhana ya kwanza ilipotoka, mtaa mzima ulisimama. Nilipita ukumbini kwa mama mkwe, nikamsikia nyuma ya pazia anaiitikia. Nikapita zangu.

Wiki haikutimia. Ilikuwa adhuhuri, umeme siku hiyo ulipanda na kushuka tangu asubuhi. Muadhini alifika katikati ya adhana, sauti ikakatika, kukatoka harufu ya waya ulioungua. Akaimalizia kwa koo lake mlangoni. Nilikimbilia ndani kuigeuza ile amplifaya nitazame muhuri wa waranti uko wapi. Nikauona. Ilikuwa stika ndogo ya fedha juu ya skrubu, na juu yake, nene na nyekundu, imekaa herufi ya K.

Nikaigusa kwa kidole, rangi imeshakauka. Muadhini akaniuliza, "Kunani, yakhe?" Nikamueleza. Yule mzee alikaa chini palepale kwenye mkeka, akawa anajitazama mkono.

Nilidhani hilo ndilo zito, kumbe shehe anayetusalisha, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alikuwa na zito zaidi. "Waranti yako inasemaje?" akaniuliza. "Wanatengeneza au wanabadilisha?"

"Yote mawili, shehe. Wanavyoona wao."

"Kutengeneza hakuna neno. Lakini wakibadilisha, wao wachukue hii na watupe nyengine, hapo pana shida. Wakfu haubadilishwi." Akaitazama ile rangi. "Ila nijue kwanza, mama mwenyewe ametamka?"

"Kutamka nini?"

"Kwamba ameiweka wakfu. Wakfu ni ulimi, mwanangu. Rangi ni rangi tu."

Sikusoma mambo hayo, naandika kama nilivyoyasikia. Nilikwenda ukumbini kwa mama mkwe. Nilimueleza yote, stika, harufu, rangi, swali la shehe. Nikasubiri nimeinama, nikihisi huu ndio mwisho wangu katika nyumba hii.

"Sijatamka," akasema. "Nilikuwa naisikiliza kwanza. Mtu hampi Mungu kitu asichokijaribu."

Nilipumua. Kisha nikakumbuka bado lipo duka na muhuri wake.

Mke wangu alileta kitambaa na petroli kidogo kwenye kikombe. "Futa hiyo K, wapelekee safi."

"Si kweli hiyo."

"Si kweli nini? Rangi imekuja baadaye, itaondoka baadaye."

Alikuwa na maana yake, na mimi nilikishika kile kitambaa. Sikukitumia, lakini nilikishika. Mwisho nilituma dukani picha ya K kama ilivyo, na kwa ujumbe wa sauti nikaeleza kwamba kwetu ni desturi, hakuna aliyefungua skrubu, na kwamba siku ile umeme ulikuwa unapanda na kushuka.

"Nani kakuuliza umeme?" mke wangu akasema.

"Hajaniuliza mtu."

"Sasa?"

Nikaendelea kuitazama simu. Tiki mbili zikageuka buluu, lakini duka halikujibu. Nilikwenda Tumbe, nikapima samaki, nikarudi, bado kimya. Niliwaza kwamba kwa mdomo wangu mwenyewe nimeitupa pesa ya mama mkwe baharini. Ukweli niliwaambia, lakini sikuwa na hakika kama niliwaambia kwa ajili ya haki au kwa ajili ya woga tu, maana mtu muoga naye husema mengi.

Magharibi ikaja sauti ya yule muuzaji. "Mzee wangu, ilete tuione. Namba ya muhuri inasomeka chini ya rangi."

Ikapelekwa kama mzigo, bandari kwa bandari. Fundi wao akaona kasoro ni ya kiwandani, umeme haukuhusika. Wakabadilisha. Duka lile lilitimiza neno lake, na naliandika hapa kwa sababu nililidhania mabaya. Ila walisema waranti inahesabiwa tangu siku ya kwanza, haianzi upya.

Amplifaya mpya ikafungwa. Muadhini alisimama mbali nayo, mikono nyuma, kama mtu aliyeonywa na daktari. Sauti ilikuwa safi.

Na hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza, maana mama mkwe aliniuliza, "Sasa nikitamka leo, ikiungua kesho?"

Nikamjibu kama shehe alivyosema. Kutengenezwa itatengenezwa, lakini kubadilishwa, ndiyo basi.

"Na mwaka wao unaisha lini?"

Nikamtajia mwezi. Ulikuwa mbali.

"Hewala," akasema. "Tungoje."

Mimi ndiye niliyemtia maneno hayo ya waranti, na sasa nikayaona yamekaa baina yake na thawabu yake. Miguu ilizidi kuvimba. Kifua kikaanza kumbana, tunamsikia akivuta pumzi tangu uwanjani. Nikiwa njiani na samaki, nikiona mtoto anakuja mbio kutokea upande wa nyumba ile, nilikuwa nashuka kwenye baiskeli kabla hajafika, kwa sababu sikutaka habari inikute nimepanda. Mara zote alikuwa mtoto anayekimbia tu. Kila adhana nilisikiliza mkwaruzo, na mkwaruzo usipokuwepo nilifikiria ile miezi, na sikujua niombe ipite haraka au isipite. Ikipita haraka, anatamka. Ikipita haraka pia, umri wake unapita nayo.

Shehe alipoambiwa, alisema mama anaweza kuacha wasia, ikawa wakfu baada yake. Nilimfikishia.

"Wasia ni wa mwenye kwenda," akasema kutoka ndani. "Mie bado nipo. Nataka niisikie hali ya kuwa nshaitoa."

Mke wangu alianza kulala kwa mamake. Wapiga kampeni walipita na magari yao, kila upande na honi zake, na walipokuwa wakipita mama mkwe alikuwa akiuliza kama zile zina waranti. Tulicheka, lakini mke wangu alikuwa akicheka na kufuta macho.

Alasiri moja mama mkwe akaniita. Akataka shehe, muadhini, na mashahidi wawili, mmoja wa chama hiki na mmoja wa kile, ili asije mtu akasema ni ya wenzao. Tukakaa ukumbini kwenye mkeka. Nikaona ni wajibu wangu kumkumbusha.

"Mama, imebaki miezi. Ukitamka leo, tukipata tatizo…"

"Mwaka wa duka una karatasi, mkwe wangu. Wangu mie nani kanipa karatasi?"

Kisha akatamka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia mtoto aweke chungu jikoni. Shehe akapokea, wakaitikia dua, na ikawa imekwisha. Nikajaribu kutafuta moyoni mwangu furaha, nikakuta naisikiliza ile amplifaya, ambayo hata haikuwa imewashwa.

Watu walipoondoka akaniuliza, "Inafika mpaka Shumba?"

"Sijui, mama."

"Basi nenda kasikilize."

Nikapanda baiskeli, nikaenda nikasimama pembeni ya mabonde ya mpunga, karibu na nyumba za mwanzo za Shumba. Magharibi ikaingia. Kwanza nilisikia ya msikiti wao, ikafunika kila kitu, na nikaogopa kwamba nitarudi sina jibu. Kisha walipomaliza, muadhini wetu alikuwa bado, maana yeye huvuta, na nikaisikia, nyembamba, inakuja na kupotea. Ilikuwa yeye. Nadhani ilikuwa yeye.

Nikarudi, nikasimama ukumbini nimeinama.

"Nimeisikia, mama. Lakini upepo ulikuwa wa upande wetu."

"Na usipokuwa wa upande wetu?"

"Hapo sina hakika."

Nilimsikia akijigeuza kitandani, pole pole, kwa taabu. "Kesho nenda tena," akasema.

Nilikwenda. Naendelea kwenda, siku za upepo na siku zisizo na upepo, na kila nikifika pale bondeni nashuka, nainamisha kichwa, nangoja adhana yetu ianze.