Mkono Nilioachilia

Mkono wake ulikuwa kati ya mapaja yangu, umenyooka kabisa, na hakutaka kugonga.

Katika judo, kugonga ndiko kuongea. Ukibanwa ukaona huna njia, unapiga mkeka kwa kiganja, au unampiga aliyekubana popote unapofika, naye anakuachilia papo hapo. Hakuna aibu. Mwalimu wetu ni askari jela mstaafu anayetufunza katika ukumbi wa kanisa hapa Kathonzweni, juu ya turubai tulizozishona wenyewe na kuzijaza maranda. Kabla hata hajakuonyesha jinsi ya kuanguka, atakwambia: "Mwenzako amekuachia mwili wake ujifunzie. Umrudishie ukiwa mzima."

Lakini yale hayakuwa mazoezi. Yalikuwa mashindano, Kitui mjini, pambano la mwisho la wanawake wa uzito wetu, na dada huyu wa Tawa alikuwa hanijui wala hakuniachia chochote. Nilikuwa nimemwangusha, nikaukamata mkono wake, nikalala chali nao kifuani, kiwiko chake juu ya nyonga yangu. Nikiinua nyonga kidogo tu, kiwiko kinapinda upande ambao Mungu hakukusudia.

Niliinua. Nikahisi mkono ukikaza kama kamba ya kisima inapobeba debe lililojaa. Akapumua kwa pua kwa nguvu. Hakugonga.

"Gonga," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Gonga, dada."

"Aiee," akanijibu kwa Kikamba. Hapana.

Mwamuzi alisimama upande wa miguu yetu. Alikuwa akiangalia kama miguu imetoka nje ya mkeka, hakuuona mkono. Wenzangu waliotoka nami Kathonzweni walikuwa wanapiga makelele: "Maliza! Maliza!" Na mimi nilijua, kwa namna mwili unavyojua kabla ya kichwa, kwamba kilichobaki ni kidogo sana. Unene wa kidole, labda. Baada ya hapo kungetoka sauti ambayo singeweza kuirudisha.

Nikaachilia.

Hakungoja hata nipumue. Aligeuka, akanilalia kifuani kwa uzito wake wote, akanishikilia pale mpaka kengele ikalia. Alipovishwa medali alikuwa ameukumbatia ule mkono tumboni, na hakunitazama hata kidogo.

Tulipokuwa tukikunja mikeka, mwalimu alinijia. "Ulimwachilia kwa ajili yake, ama kwa ajili yako?"

"Kwa ajili yake."

"Sawa," akasema, kwa ile sauti anayoitumia mwanafunzi anapomwambia hajachoka. Akaondoka na mkeka aliokuwa ameukunja.

Nyumbani nilidhani yataisha. Mimi nina duka la dawa za mifugo na mbegu sokoni, na wakati ule mvua ilikuwa inakaribia, watu wakitaka mbegu za ndengu na mtama. Lakini sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilifagia duka nikalifagia tena. Mzee mmoja aliomba dawa ya kupe nikampa ya minyoo, akarudi amekasirika, ng'ombe wake akiwa ameponea chupuchupu kunyweshwa kitu asichohitaji. Nilipanga rafu, nikazipangua. Kila nilipoinua mkono kuchukua kitu, kiwiko changu mwenyewe kilinikumbusha.

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga," mama alisema. "Kaa ule."

Nilikuwa nimemsimulia, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mama alilipeleka kanisani. Yeye aliona jambo zuri tu: mtoto wake ameacha medali asimvunje mtu mkono. Jumapili iliyofuata mchungaji aliniomba nisimame nitoe ushuhuda. Nikasimama. Nilisema nilikuwa nimemshika dada mmoja mkono na nikamwachilia. Kabla sijaendelea watu walishaanza kupiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, mchungaji akasema, "Huo ndio upendo, ndugu zangu." Nikakaa chini uso ukiniwaka moto. Nilichotaka kusema baada ya hapo ni kwamba sijui. Kwamba huenda nilimhurumia, na huenda niliogopa tu kuisikia ile sauti. Haya ni mambo mawili, na makofi hayakuyatenganisha.

Baada ya hapo ikawa mbaya zaidi. Watu walinisalimu sokoni kwa upole, kama mgonjwa au mke wa mchungaji. Jumamosi moja nilifunga duka mapema nikaenda Tawa.

Kumpata hakukuwa kazi. Ukiuliza Tawa msusi anayecheza judo, kila mtu anakuonyesha mlango. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kikubwa na benchi. Alikuwa anamsuka mama mmoja wa makamo, vidole vikienda mbio, bandeji ya kuvutika ikizunguka kiwiko chake cha kulia. Aliniona kwenye kioo.

"Wewe," akasema, bila kugeuka.

"Nimekuja kukusalimia, dada. Mkono unaendeleaje?"

"Uko. Umetoka Kathonzweni kuja kuuliza mkono?"

"Ni nani huyu?" aliuliza mama aliyekuwa anasukwa.

"Ni yule aliyenipa medali, mama."

"Sikukupa," nikasema.

"Ulinipa." Alivuta nywele mpaka yule mama akafinya uso. "Mtu akiniuliza nilishindaje, nitamwambia nini? Nikisema umeniachilia, nimejiaibisha. Nikisema nimejitoa mwenyewe, nimedanganya. Unaona pale uliponiweka?"

"Ungevunjika."

"Ulikuwa mkono wa nani?"

"Unafanya nao kazi."

"Kwani hilo nilikuwa silijui pale chini?"

Yule mama alijaribu kugeuza kichwa, akarudishwa. "Na kama angekuvunja?"

"Ningesema amenivunja, mama. Hiyo inaeleweka."

"Nyinyi wawili hamna kazi za nyumbani?" mama akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani, au kwa ubaridi. Hili sikujua nilipeleke wapi. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwishowe nikamweleza habari ya kanisani, na hapo ndipo akacheka kwa mara ya kwanza.

"Walikuombea?"

"Walinipigia makofi."

"Basi hata wewe uko na medali."

Alimaliza kusuka, akavua aproni, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umekuja na suruali ya mazoezi ndani ya hiyo sketi?"

Nilikuwa nayo. Sijui kwa nini niliivaa.

Kulikuwa na kiwanja nyuma ya saluni, nyasi fupi zilizokauka. Nilidhani anataka nimshike tena kama siku ile. "La," akasema. "Wewe ndiye utalala."

Nikalala. Akauchukua mkono wangu, akalala chali upande wangu, akaunyoosha, kiwiko kikakaa juu ya nyonga yake. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitagonga mara moja. Hapakuwa na mwamuzi wala medali. Lakini alipoinua nyonga na maumivu yakaanza kupanda bega, kitu ndani yangu kilikataa. Nilishangaa. Ni kitu cha kijinga, cha zamani, kama cha mtoto aliyechapwa anayesema hajaumia. Niliuma meno.

"Mimi sina haraka," alisema.

Hakuongeza nguvu wala hakupunguza. Nilijaribu kugeuka upande wa kidole gumba, akanifuata. Nilijaribu kuuvuta, ukabaki pale pale. Nikangoja anivunje, hakunivunja. Nikangoja anionee huruma aniache, hakuniacha. Nadhani hilo ndilo lililonisumbua zaidi, maana sikuwa na mtu wa kumlaumu. Nilikuwa nimeachwa na uamuzi wangu.

Yule mama alikuwa ametufuata na kiondo chake begani. "Mwachilie mtoto wa wenyewe!" alipiga kelele.

"Hajasema, mama."

Nikagonga. Niliupiga mguu wake kwa kiganja, na kabla kiganja hakijatulia mkono wangu ulikuwa huru. Nililala nikiangalia juu, machozi yakinitoka, na si ya maumivu.

Kisha tukabadilishana. Nilimshika mkono wa kushoto, ule mzima. Sikuwahi kujua jinsi kushika tu kulivyo kugumu. Nilitaka kuachilia, halafu nilitaka kumaliza, halafu kuachilia tena. Yote mawili yalikuwa njia ya kukimbia. Pua yake ilivuma. Halafu akagonga polepole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyoijua.

"Umeona?" aliniuliza tulipokaa.

"Nimeona nini?"

"Sijui. Nilidhani wewe umeona."

Mama wa kiondo alituambia tunahitaji waume, au mashamba makubwa zaidi, akaenda zake.

Safari ile ya Tawa haikunituliza kama nilivyotarajia. Mwalimu nilipomweleza alisema tu kwamba siku nyingine nimwite mwamuzi, mdomo ninao. Na siku nyingine ilikuja, katika mji wa Wote, na binti mdogo kuliko mimi aliyekuwa na macho makali. Nilimkamata mkono ule ule kwa namna ile ile, naye akakataa kugonga. Safari hii nilishika tu. Sikuongeza. Nikapaza sauti, ingawa kanuni hazipendi mshindani aongee: "Mwamuzi! Angalia mkono!" Mwamuzi alizunguka, akaona, akasimamisha pambano. Nikashinda. Mkono wa yule binti ulikuwa mzima, na alilia kwa hasira, akasema hakuwa ameshindwa. Mama yake alimfunika na leso wakatoka. Nilitaka kuwafuata, nikafika mlangoni, nikarudi.

Nilitembea kuzunguka ule ukumbi mpaka jasho likanikauka mwilini. Halafu nikampigia simu dada wa Tawa.

"Ulivunja?" akauliza.

"La."

"Uliachilia?"

"La."

"Sasa shida yako ni nini?"

Nyuma yake nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni, na mtu akilalamika kwamba ni ya moto sana. Nikamwambia nywele zangu zimeharibika, nitapita Jumamosi anisuke.