Ndevu za Mfiwa Katika Warsha ya Asidi

Honi ya zamu ya asubuhi imelia, na Tharcisse Nkongolo ameketi akiwa amefunikwa kichwa kwa mfuko mpana wa plastiki, barakoa ya mpira ikimbana uso. Blandine, msimamizi wa usalama katika kiwanda kimoja cha shaba nje ya Kolwezi, anapuliza ukungu wa dawa chungu ndani ya mfuko. Mfanyakazi akionja uchungu, barakoa inavuja.

"Tata Tharcisse, unasikia machungu?"

"Sijue, mama. Toka kilio kinywa yangu iko machungu tu. Nitajua je kama ni dawa?"

Mkewe, Mushiya, alifariki mwanzoni mwa mvua. Kwa desturi ya ukoo wao wenye asili ya Kasai, mjane mwanamume hagusi wembe mpaka wakwe zake wamnyoe siku ya kuondoa matanga, kilio kinapokwisha. Siku hiyo imepangwa kiangazi, jamaa watakapofika kwa treni. Akijinyoa mwenyewe, ataambiwa alikuwa akingoja tu maiti itoke nyumbani ili amsahau mkewe.

Hata hivyo, warsha ya asidi haiulizi mtu amefiwa na nani. Mvuke hupita kati ya nywele na mpira. Blandine amempa hadi Jumatatu awe amenyoa. Baada ya hapo atahamishiwa kufagia uwanja, na posho ya asidi, theluthi ya mshahara wake, itakatwa. Ndiyo inayomsomesha bintiye, Mignonne.

Mwenzake Dodo alimshauri apake mafuta mazito ndevuni ili mpira ugande. Tharcisse akatii. Barakoa iliteleza hadi shingoni, na warsha nzima ikaangua kicheko.

"Tata, unataka kukaanga mandefu?" Dodo akamtania.

Tharcisse hakucheka. "Kazini banasema kata. Kwa bukwe banasema usikate. Bote banasema kweli. Mi nifanye je?"

Jumamosi aliondoka na barakoa yake hadi mtaa wa Kapata, kwa mama mkwe wake, Mbombo. Alipotaja wembe tu, mama huyo alisimama.

"Unakuya kuniomba ruhusa ya kusahau mutoto wangu?"

Tharcisse akavaa barakoa palepale sebuleni, akauchukua mkono wa mama mkwe na kuuweka kwenye taya lake, kisha akapumua kwa nguvu.

Mbombo aliupapasa ukingo wa mpira kwa vidole. "Pumuzi inatoka hapa."

"Sumu nayo inaingilia hapo hapo, mama."

Mama hakuuondoa mkono tayani. Akasema: "Kuya kesho kisha misa. Leta wembe ya mupya. Mi mwenyewe njo nitakata. Mandefu nitafunga mu kitambaa ya Mushiya, itakaa hapa kwangu mpaka kilio itaisha. Siku ile tutaitupa mu Lualaba, batu bote bakiona."

Wembe ameshanunua, umo mfukoni mwa shati, bado katika karatasi yake. Jumatatu anatarajia kurudi chini ya mfuko wa Blandine akiwa na uso mtupu, na kiangazi kikifika, kusimama mtoni pamoja na wakwe zake. Hata hivyo, anajikuna kidevu kama mtu aliyesahau jambo.

"Mi nitakuwa ku kazi, mandefu itakuwa kwa mama," anasema. "Sasa nani iko mu kilio, mi ao mandefu?"